Jina la Mwisho Kwenye Jiwe la Treni

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, na kinyozi ni mimi. Miguu mitatu ya benchi ni ya mbao, wa nne ni tofali. Upande wa tofali hukaa Mzee Gundi, fundi viatu, anayeshona huku misumari imejaa mdomoni na bado anatushinda kwa maneno. Katikati ni Mwalimu, anayefundisha historia na hajawahi kukubali kwamba kipindi kimekwisha. Chaji, kijana wa kutengeneza simu, huwa hakai. Huegemea mlango wangu. Mama Birika hutumiminia kahawa na kutukatiza maneno. Ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa stesheni ya zamani, kuna jiwe lenye majina ya waliokufa treni ilipopinduka, miaka arobaini na saba iliyopita. Ilikuwa Jumatatu, siku nne kabla ya siku ya kumbukumbu, na Chaji ndiye aliyechokoza.

— Ijumaa raha tupu! Sikukuu ya Treni. Nalala mpaka kitanda kinifukuze.

Mzee Gundi alitema misumari kiganjani.

— Sikukuu? Nani kakwambia ile ni sikukuu?

— Si hakuna kazi, Mzee? Siku isiyo na kazi inaitwaje?

— Inaitwa msiba! Redio haikupiga muziki siku saba. Mimi nina miaka ishirini, redio yangu mpya kabisa, na haipigi muziki!

— Ndiyo ulikuwa uchungu wako huo? aliuliza Mama Birika.

— Uchungu ulikuwa mwingi, mama. Huo ni mmojawapo.

Mwalimu alikohoa, kile kikohozi chake cha kuingia darasani.

— Sisi tuliozaliwa baadaye tuliipata shuleni. Dakika moja ya kunyamaza, juani. Mwalimu mkuu hakuwa na saa, kwa hiyo dakika yake ilikuwa robo saa. Mwaka mmoja nikazimia, nikapewa soda. Mpaka leo nikisikia habari za treni ile, nasikia ladha ya soda.

— Mwalimu, watu wamekufa, wewe unakumbuka soda? Chaji alicheka.

— Nasema ukweli! Wewe unakumbuka nini?

— Mimi nina video. Nimeiangalia mara tatu. Dereva hakuwemo.

— Hakuwemo wapi?

— Kwenye treni! Aliteremka stesheni ya nyuma. Yuko ng'ambo mpaka leo, kafuga masharubu.

— Ripoti ya tume ilisema breki, alisema Mwalimu.

— Breki zilikatwa, alisema Mzee Gundi. Behewa la nyuma lilikuwa na dhahabu. Nilimsikia mtu aliyemsikia askari.

— Mimi mama yangu aliniambia ni ng'ombe, alisema Mama Birika. Alisimama relini, treni ikamkwepa.

— Treni inakwepaje, mama? Ina usukani?

— Basi muulize ng'ombe.

— Na huyo ng'ombe alipelekwa na nani pale? Mzee Gundi aliinua kidole. Hilo ndilo hamjiulizi!

Chaji akakubali upesi kwamba ng'ombe alikuwa wa dereva. Mwalimu akasema kama ni hivyo dhahabu ilikuwa ndani ya ng'ombe. Nikasimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja ili nicheke vizuri, na mteja naye akageuka kutoa maoni yake; nusura nimwachie njia ya kwenda sikioni.

Hapo ndipo akaja mgeni. Mtu mzima, mabega mapana, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, mfuko wa patasi begani. Alisalimia, akakataa kukaa.

— Mimi ni mchonga mawe. Nimetumwa nichonge upya maandishi ya lile jiwe kabla ya Ijumaa. Ofisi ya mtaa wamenielekeza hapa. Wamesema watu wa benchi hili wanajua kila kitu kuhusu treni.

— Hawajakudanganya, alisema Mzee Gundi, akijiweka sawa. Uliza.

— Jina la mwisho, chini kabisa. Maji ya bomba la paa yamelila lote. Orodha ya ofisini ilinakiliwa kutoka jiweni jina hilo likiwa limeshafutika. Huyu wa mwisho alikuwa nani?

Mzee Gundi alimwangalia Mwalimu. Mwalimu alimwangalia Chaji. Chaji aliingiza mkono mfukoni kutafuta simu, akautoa mtupu.

— Mwanamume au mwanamke? aliuliza Mwalimu, kwa sauti ndogo.

— Hilo nalo nawauliza nyinyi. Wamesema nikilikosa, pale nipasawazishe tu.

— Upasawazishe? Mzee Gundi aliinuka, benchi likayumba. Yaani iwe kama hakuwahi kupanda?

Tulivuka barabara sote, hata mteja wangu mwenye nusu kichwa. Miaka yote nimekaa mkabala na jiwe lile, sikuwahi kulisoma. Mwalimu aliyasoma majina kwa sauti, moja moja, bila kufundisha. Katikati, Mzee Gundi alimshika mkono.

— Huyo alinifundisha kushona soli, alisema. Tangu hapo hakutaja dhahabu tena.

Kwenye mstari wa mwisho palikuwa na ulaini tu, kama sabuni iliyotumika.

Siku tatu tulihangaika. Chaji aliweka picha mtandaoni: nani ana ndugu aliyepotea siku ile? Akajibiwa na watu wengi, mmoja akiuza magodoro. Mzee Gundi na Mwalimu waligonga milango ya wazee, wakarudi na aina nne mpya za ng'ombe. Alhamisi asubuhi mchonga mawe alikuwa amemaliza mistari yote isipokuwa wa mwisho, amekaa na patasi mapajani.

Mama Birika ndiye aliyelipata jina, na hakwenda mbali. Nyuma ya kibanda changu, chumba cha tatu, anaishi bibi mshonaji ambaye hutia viraka sare za shule za mtaa mzima. Alipompelekea kahawa yake, alimuuliza tu. Muda si mrefu bibi mwenyewe alitokea, sindano ingali na uzi, imechomekwa kwenye kola.

— Shikamoo bibi, tulisema.

— Marahaba. Yule wa jina la mwisho ni wifi yangu.

— Wifi yako! Mzee Gundi alishika kichwa. Dada, na siku zote unatusikia tukibishana hapa?

— Nawasikia. Ukuta wenyewe mwembamba.

— Mbona hukusema?

— Mliniuliza?

Mzee Gundi akamwita mchonga mawe avuke. Bibi alimtajia jina, herufi kwa herufi, na yule mtu aliandika kwa penseli ukutani kwangu kwanza, akamsomea, akasahihishwa, akaandika tena. Kisha tukasogeana mpaka nafasi ikapatikana, bibi akakaa. Alituambia kwamba wifi yake alikuwa anakwenda kufanya majaribio ya kazi ya kupiga chapa, kwamba walikuwa waende wote, ila bibi mwenyewe jino lilimuuma, akabaki. Alisema bila kulia, kama mtu anayekunja nguo. Ng'ambo, nyundo ilikuwa imeanza kugonga.

Chaji alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye vumbi, karibu na miguu ya bibi.

— Bibi, alikuwa anapenda nini?

Bibi alimtazama sana. Midomo ikamcheza, halafu akacheka hivi, mpaka sindano ikatikisika kwenye kola.

— Kubishana, alisema. Lo, yule! Angekuwa hapa, hamngepata hata nafasi ya kukohoa.