Mzee Anyosisye, Aliyekula kwa Niaba Yetu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya maji hapa Sumbawanga, Mzee Anyosisye Mwandambo anastaafu. Alikuja kutoka Tukuyu akiwa kijana mwenye sanduku la bati na barua ya ajira, akiamini atavumilia baridi yetu miaka miwili kisha aombe uhamisho arudi karibu na migomba ya kwao. Uhamisho hakuuomba. Watoto wake wote wamezaliwa hapa, na mkewe, Mama Asnath, anaongea Kifipa kizuri kuliko baadhi ya vijana wetu wa mjini.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Timoth, dereva wa ofisi, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa sababu nimekaa naye kwenye gari saa nyingi kuliko mtu yeyote. Najua karatasi za namna hii zinatakiwa zichangamke, na panapochangamka nitachangamka. Ila mwenyewe aliposikia nimepewa kalamu aliniita pembeni akasema, "Andika na la tumbo, Timoth. Nimelificha vya kutosha." Kwa hiyo limeandikwa.

Kwanza kazi. Mzee Anyosisye alikuwa afisa maendeleo ya jamii. Kabla bomba halijapita shambani kwa mtu, lazima atangulie mtu wa kuongea na mwenye shamba, aeleze mtaro utapita wapi, ajibu maswali, atukanwe kidogo, arudi tena. Wahandisi walikuwa na ramani zao. Yeye alikuwa na tumbo lake. Lilikuwa tumbo kweli, si utani. Akikaa kiti cha mbele nilikuwa nabadilisha gia kwa kumwomba radhi, na mkanda wa gari tulikuwa tunauvuta wawili.

Mnaoijua Ufipa mnajua kwamba mgeni haanzi na shida iliyomleta. Ananawishwa, anakula, ndipo anaulizwa habari. Sasa chukua vijana wetu wa ofisini, waliotoka vyuoni. Mmoja anauogopa ugali wa ulezi kwa sababu ni mweusi. Mwingine ana vidonda vya tumbo ambavyo humuuma vijijini tu. Wanagusagusa mboga, wanaacha sahani, na mama mwenye nyumba anaziona zikirudi jikoni. Mzee Anyosisye hakuacha sahani irudi. Alikuwa akimaliza yake, anavuta ya jirani yake taratibu huku akiuliza habari za mvua, na ikiisha anavuta nyingine. Tulikuwa tunamtania kwamba anakula kwa niaba yetu. Ilikuwa kweli. Maji mnayoyaona yakitoka kwenye vituo kuanzia Mwimbi hadi vilima vya Namanyere, mengi yalipita kwanza kwenye sahani zake.

Huko Mwimbi ndiko alikompata rafiki yake mkubwa, mzee Kalisti. Bomba lilitakiwa lipite katikati ya shamba lake la ulezi na alikuwa ameshawafukuza wahandisi mara mbili, mara ya pili akiwa ameshika jembe. Mzee Anyosisye alikwenda, akala, akaongea habari za watoto, akaondoka bila kutaja bomba. Alipokwenda tena, mzee Kalisti alichinja jogoo, na firigisi akampa mgeni. Katika nyumba ile firigisi ilikuwa ya baba mwenye nyumba peke yake. Mkewe, Mama Fransiska, alituambia kwamba hata paroko hakuwahi kupewa. Mwezi uliofuata mzee Kalisti alichimba mtaro kwa mikono yake.

Wakawa marafiki kwa zaidi ya miaka ishirini. Tukitoka Kabwe, ziwani, tulikuwa tunapitisha samaki aina ya migebuka kwa mzee Kalisti, hata kama njia ilikuwa ndefu na mafuta ya gari hayakuruhusu. Kila mavuno yeye alituma debe la ulezi kwa basi. Urafiki wao karibu wote uliishi kwenye sinia moja, mmoja upande huu na mwingine upande ule.

Basi tumbo lile lililotujengea njia likaanza kumuua mwenyewe. Sukari ilipanda, presha ikapanda, magoti yakagoma. Alikuwa analala ameketi ili apumue. Siku moja alianguka kwenye ngazi za ofisi na ilibidi tumbebe wanaume sita. Binti yake Martha, ambaye ni muuguzi Mbeya, alikuja akamwambia mbele yetu, "Baba, sitaki kuja hapa kukuvisha suti ya mwisho." Februari mwaka jana alipelekwa Dar es Salaam akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Daktari alimweleza kwamba lililobaki lina upana wa ndizi. Aliporudi alinitania, "Mnyakyusa mzima nimebakiziwa ndizi moja."

Upasuaji ulifanikiwa. Nalisema wazi ili mwenye ugonjwa kama wake asije akasoma hapa akaogopa. Sukari ilishuka, analala chali kama binadamu, ngazi anapanda bila kushika ukuta. Bila kisu kile leo tungekuwa tunaandika karatasi nyingine. Lakini yaliyofuata yalikuwa mazito, na mengi aliyabeba peke yake.

Alianza na maji na supu iliyochujwa, kwa vijiko. Baadaye uji, baadaye yai la kupondwa. Akimeza haraka kidogo, kifua kilikuwa kinambana mpaka machozi yanamtoka. Nywele zilikatika. Ngozi ya mikono ikaning'inia kama shati la kuazima. Baridi ya Juni, ambayo zamani aliipita na mikono mifupi, ikaanza kumtetemesha hata akiwa na sweta mbili na koti. Mama Asnath alikuwa amepikia mwili ule maisha yake yote ya ndoa, na kwa miezi mingi hakuweza kubadilisha sufuria. Alikuwa anapika kama zamani, wanakula watoto wa jirani, kisha anakaa jikoni analia. Mzee aliniambia kwamba kilio kile kilimuumiza kuliko mshono.

Mtaani walisema lao. Mtu akikonda hapa kwetu hakosi kupewa ugonjwa, naye alipewa magonjwa yote. Saa ya chakula cha mchana hakwenda tena na wenzake kwa mama Kristiana, ambako meza ya pembeni ilijulikana kuwa ni yake. Alikuwa anabaki kwenye gari na kikopo cha maharage ya kupondwa, anatafuna mpaka yanapoa. Ukweli tuliujua wachache: nyumbani kwake, mkuu wa ofisi na mimi. Wengine waliambiwa ni vidonda vya tumbo. Nilimuuliza kwa nini afiche kitu kilichomponya. Akasema, "Utamwambiaje mtu anayelima kwa jembe la mkono kwamba wewe umekwenda kukatwa tumbo ili usile?" Baba yangu mwenyewe analima kwa jembe la mkono.

Mwezi wa tano mwaka huo tulikwenda Mwimbi kukagua bomba lililopasuka. Mzee Kalisti alipomwona rafiki yake amepungua vile alishika kichwa, kisha akakimbilia banda la kuku. Alichinja jogoo. Mama Fransiska akasonga ugali, tukanawishwa, na firigisi ikawekwa mbele ya mgeni kama siku zote. Mzee Anyosisye aliitazama. Nyama ya namna ile wakati huo ingemkwama na kumtapisha pale pale kwenye mkeka. Angeweza kusema ukweli. Badala yake alisema kwamba ameshiba, kwamba tumekula Matai njiani.

Kwa mtu wa mjini huo ni udhuru mzuri tu. Kwa mzee Kalisti ilikuwa na maana kwamba rafiki yake, akijua anakuja kwake, alisimama akala kwa watu wengine. Aliuliza taratibu, "Matai kwa nani?" Mzee akataja hoteli. Mzee Kalisti hakugomba. Alimwambia mkewe aondoe sinia, akaanza kuongea nami habari za barabara. Tulipoaga hakutusindikiza hadi kwenye gari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. Baada ya safari ile mkuu wa ofisi aliamua apumzishwe vijijini, akapewa kazi za mezani. Tulidhani tunamhurumia. Mavuno yalipofika, debe la ulezi halikuja.

Mzee Anyosisye aliahidi kwenda kumweleza rafiki yake ukweli. Kila mwezi alisema mwezi ujao, nikipata nguvu. Machi mwaka huu simu ikapigwa kwamba mzee Kalisti ameanguka shambani na hakuinuka.

Hakuna aliyemtuma msibani. Aliomba gari mwenyewe tukaenda. Tulizika mvua ikinyesha, na baada ya maziko waombolezaji wakaandaliwa chakula uani. Mama Fransiska alikuwa ameketi kwenye mkeka wa wafiwa. Alimwona. Hakumsalimia, ila sahani ililetwa: ugali wa ulezi umejaa, maharage na nyama. Nilidhani atagusa kidogo kwa heshima. Akaanza kula. Alikula kama alivyokuwa anakula zamani, tonge baada ya tonge, akimtazama mjane. Nilimkanyaga mguu aache. Jasho lilikuwa linamtiririka na baridi ile. Alimaliza sahani yote, akapangusa na mchuzi.

Aliinuka kwenda garini, lakini hakufika mbali. Alianguka kando ya uzio akatapika mpaka nikadhani anatapika roho. Hapo ndipo likatokea jambo ambalo hakulifikiria. Watu waliacha kula. Mwanamke mmoja aliweka sahani chini akaisukuma kwa kidole, mwingine akamtemesha mwanawe tonge. Macho yote yalikwenda jikoni, halafu kwa Mama Fransiska. Mama wa watu hajamaliza hata siku moja ya ujane, na tayari anatazamwa hivyo, kwenye msiba wa mumewe.

Mzee Anyosisye aliyaona macho yale. Alinishika bega nikamrudisha uani, akafungua vifungo vya shati mbele ya watu wote, akina mama wakiwamo, akaonyesha makovu. "Kuleni," alisema. "Chakula hiki hakina kosa. Mimi nimekatwa tumbo hospitali, kwa hiari yangu, ili nisile sana. Siku ile nilipomwambia marehemu nimekula Matai nilimdanganya. Sikuwa nimekula popote. Niliona aibu."

Aliyekuwa wa kwanza kurudia sahani yake ni katekista, na wengine wakafuata. Mama Fransiska aliinamisha kichwa. Kisha akasema, bila ukali, "Amekufa anajua umemkinai, baba Martha." Na baadaye kidogo, sauti ikimkatika, "Ungesema tu. Hiyo firigisi angekutafunia mwenyewe."

Nilimkimbiza hospitali akatundikiwa dripu. Martha alikuja kutoka Mbeya akamgombeza, akamlisha kwa kijiko, akamgombeza tena. Mzee alipopata nafuu hakuwa mtu wa furaha, na nisingependa karatasi hii idanganye kwamba leo ni mtu wa furaha. Amepona sukari. Hili jingine hajapona, na aliyekuwa na uwezo wa kumponya tumemzika.

Ila tangu siku ile hakuficha tena. Alirudi kwenye meza ya pembeni kwa mama Kristiana na kisahani chake, na anayemuuliza anajibiwa. Wawili kutoka mtaani kwake, wanaougua kama alivyougua yeye, wamekwenda kumuuliza habari za upasuaji. Anawaeleza yote, la kisu na la baada ya kisu, na anawasihi jambo moja: wawaambie mapema wale wanaokula nao.

Wiki iliyopita kondakta wa basi la Mwimbi alipiga honi getini. Mavuno ya ulezi yameanza. Nilitoka nikitafuta debe, lakini alinikabidhi kopo la maziwa ya unga, lile dogo, limejazwa unga wa ulezi na kufungwa kwa kitambaa. Ujumbe wa Mama Fransiska aliutoa kwa mdomo: "Mwambie baba Martha, hiki kinamtosha. Debe lilikuwa la Kalisti."

Nilimpelekea ofisini nikamweleza vile vile nilivyoambiwa. Alifungua kitambaa, akanusa, akafunga. Aliomba nifunge mlango nibaki naye, na akalia kwa sauti, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa miaka yote hii.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi na wageni waalikwa, leo mtaona chakula kingi ukumbini. Ni yeye aliyesema tusipunguze. Kuleni mshibe. Mbele yake mtaona kibakuli cha uji wa ulezi, na tunawaomba asiwepo wa kumwambia aongeze. Kiti kilicho kushoto kwake ni cha Mama Fransiska. Bado yumo katika majonzi, na hatujui kama atakuja. Jumamosi nitampeleka mzee Mwimbi, gari limeshaombwa, na safari hii tutafika na njaa.

Mzee Anyosisye, asante kwa vijiji vilivyopata maji, na asante kwa kila sahani uliyotumalizia sisi tulioshindwa. Mama Asnath, asante kwa kututunzia mtu huyu, mnene na mwembamba. Mzee wetu unayekwenda nyumbani kupumzika, maisha yako yaliyobaki yawe mema. Ule polepole, na wanaokula nawe wakungoje.