Siku Niliyopiga Kelele za Moto Sokoni Ibra

Assalaam aleikum, ndugu zangu! Alhamdulillahi, mnaniona hapa na akili zangu timamu, na mwenye shaka amuulize mume wangu, atakwambieni zimezidi.

Miaka ya tisini nilikuwa nauza vitambaa soko la wanawake la Ibra, huko Oman. Mwaka ule usingizi ulinikimbia, nikaanza kusikia sauti na kuona visivyokuwepo. Nyumbani wakasema jicho la watu. Nikasomewa, nikafukizwa, na wageni wakija naambiwa nikae chumbani.

Jumatano moja niliona soko zima linawaka. Wallahi niliuona moto! Nikamkamata jirani yangu wa meza, Bi Thuraya, nikamburura kumtoa nje huku napiga kelele, "Moto! Moto!" Yeye Mwarabu wa pale pale, Kiswahili hajui. Alichosikia ni "maut", yaani kifo kwa Kiarabu chao. Akaanguka, mkono ukavunjika. Polisi wakaandika kwamba nimemshambulia na kutishia kumuua, nikawekwa ndani. Humo nilizidi kuchanganyikiwa, kila swali nalijibu kwa neno lile lile moja, "Moto!" Nikajimaliza mwenyewe!

Ndugu zangu, kifungo kilikuwa kinaninukia. Siku ya kesi mama yangu akasimama na Kiarabu chake cha kuungaunga, alichotoka nacho Unguja.

"Ya sheikh, kwetu sisi moto ni naari, si mauti. Alikuwa anamwokoa."

Hakimu akamtazama. "Sokoni palikuwa na moto?"

"Hapakuwa."

"Sasa aliuona wapi?"

Mama akageuka nyuma. Mashemeji zangu wote wamekaa pale, na jina la ugonjwa wangu alikuwa hajalitamka mbele ya mtu hata siku moja.

"Mwanangu mgonjwa wa akili," akasema. "Nilimficha kwa kuona haya."

Hakimu akaamuru nipimwe kwanza. Daktari alipothibitisha, nikapelekwa hospitali badala ya gerezani. Sindano, vidonge, na usingizi! Nililala mpaka chai ya asubuhi ikawa ya jioni. Nilipopona kesi ikafutwa, na Bi Thuraya akanisamehe, Mungu amjaalie.

Namshukuru Mola wangu. Dua siachi, na vidonge nakunywa mpaka leo. Nawe uliyemfungia mgonjwa wako chumbani, mtegemee Mungu, umtoe, umpeleke kwa daktari, useme waziwazi anaumwa nini. Usingoje kuulizwa na hakimu.