Mwinyimvua bin Sadala, Mganga wa Mbwa Walioumwa na Nge

Ndugu waombolezaji, ukoo umetutuma tuwasomee maisha ya mzee wetu Mwinyimvua bin Sadala, aliyezaliwa Mbwera mwaka 1911, akahitimu Kurani chuoni hapo hapo, kisha akasoma skuli ya serikali Utete, 1922 hadi 1926.

Mwaka 1931 aliajiriwa idara ya mifugo hapa Kibiti, akabobea katika mbwa wanaolinda mpunga dhidi ya nguruwe, ambao wakilala kwenye majani makavu chini ya dungu, ule ulingo wa kulindia shamba, huumwa na nge, naye hakuwachanja kwa wembe wala kuwapaka tumbaku kama wengine, bali alimfunga mbwa mdomo, akaosha jeraha, akachoma sindano ya ganzi, akalifunika kwa kitambaa cha maji ya mtungini na kumlaza kivulini hadi kutetemeka kukome.

Mwaka 1935 alimwoa Mwanaheri binti Abbasi wa Nyamwage, wakajaliwa Tatu na Mussa, na kwenye karamu ya harusi hiyo jirani yake Husseini, ambaye leo amekaa nasi mkekani, aliondoa mkono kwenye sinia akisema yeye hali sinia moja na mshika mbwa, ingawa marehemu alikuwa amejitoharisha kwa maji na udongo kama sheria inavyotaka, basi bwana harusi akala peke yake, na tangu hapo kila shughuli akawa anatengewa sahani yake pembeni.

Lakini Mungu si Athumani, kwani Juni 1943, mpunga umeiva na nguruwe wamesogea, mbwa wa Husseini aliumwa na nge, Husseini akaja mbio, na marehemu akakubali kumtibu kwa sharti kwamba mwenyewe aushike mdomo wa mbwa kwa mikono miwili, mate yakamtiririka hadi viwikoni, kijiji kikitazama, na siku hiyo marehemu hakuwa na haraka hata kidogo. Mbwa alipona, sisi tulicheka, na hatujuti.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1955, akafariki hospitali ya Utete Jumatatu, tarehe 4 Machi 1957.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomchotea maji, na wenzake wa mifugo waliokuja na jeneza. Kwa desturi tunawaomba mumsamehe marehemu, na mwenye dai amwone Mussa, ila Husseini asijisumbue, kwa maana marehemu, akiwa na akili zake timamu, alituagiza tuseme hadharani kwamba radhi hakumwachia, watakutana mbele ya Hakimu asiyehongwa.

Kapumzike kwa amani, Mwinyimvua, Husseini tuachie sisi.