Nafasi Pembeni mwa Celina

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mtaa wa Narung'ombe, na ninyi mliotoka kazini kuja kutusindikiza, familia inaomba usikivu wenu.

Tarsis Severine Mallya alizaliwa tarehe 14 Machi 1926 huko Kibosho, Kilimanjaro, akasoma hapo hadi darasa la nane, na mwaka 1949 akaja Dar es Salaam, akabeba mizigo Kariakoo kabla ya kujifunza ufundi wa mashine za sinema. Kuanzia 1964 alizunguka na gari la sinema la serikali, akitundika kitambaa cheupe vijijini, na baadaye katika vijiji vya ujamaa, na wenzake wanasema hakutazama picha, aliwatazama watazamaji.

Tarehe 9 Agosti 1952 alifunga ndoa na Celina, wakaishi chumba kimoja, Mungu hakuwajalia mtoto. Mwaka 1971, kwa kipande cha filamu kilichobaki kazini, alimpiga Celina picha ya sinema akimenya ndizi uani, na humo Celina anainua macho, anasogea kwenye benchi, anampisha mumewe akae, lakini Tarsis hakwenda, alikuwa ameshika kamera. Celina alifariki tarehe 22 Aprili 1974, barabara zimekatika kwa mvua, hakuweza kupelekwa Kibosho, akazikwa Kinondoni, hapa Dar es Salaam.

Alipostaafu mwaka 1981 hakurudi Kibosho. Alitengeneza mashine mbovu iliyotupwa na ofisi, akaazima mashuka ya majirani, akayatundika chumbani, akaonyesha picha ile ya Celina, akaweka benchi lile lile mbele yake, pale penye nafasi aliyoiacha Celina, na kila Jumapili jioni aliyetaka aliingia, akakaa. Wengine walimwamkia Celina, wengine walicheka vivuli vyao, wengine walikumbuka watu wao. Yeye hakukaa, kwa sababu mkanda wa kuzungushia mashine ulikuwa umelegea, ilibidi aubane kwa kidole, ukiachiliwa filamu inasimama na taa inaiunguza, na hakumwamini mtu.

Januari mwaka huu, 1983, figo zilianza kumsumbua, mikono ikatetemeka. Jirani yake Bi Zamda, mkaanga samaki wa soko la Feri, akamwambia, "Bwana Tarsis, kidole hiki kinashinda kwenye mafuta ya moto, hakitakuangusha, nenda ukakae na mkeo." Jumapili ya tarehe 17 Aprili alikaa, Celina akasogea, na picha ilipokwisha aliomba irudiwe. Alifariki hospitalini tarehe 3 Mei, alfajiri.

Kwa desturi yetu angelala kihambani, shamba la ukoo kule Kibosho, kwenye migomba ya baba yake, na wazee wa ukoo walikuja kumchukua. Jana Bi Zamda aliwaketisha kwenye benchi lile, akabana mkanda, wakaona, na mzee Pantaleo, kaka wa marehemu, akasema kaburi lichimbwe Kinondoni, pembeni mwa Celina.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani mliokubali mashuka yenu yarudi na kutu ya misumari.

Tarsis, kamera umeiweka chini, mkeo alishakupisha. Kaa, upumzike kwa amani.