Baraza ya Posta, Nguzo ya Tatu

Ndugu waombolezaji, mimi mtoto wake wa kwanza nimepewa heshima ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Sindano.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, na jioni akajifunza kushona soli kwa baba yake, kazi ambayo watu walisema si ya mwanamke, naye akaifanya miaka hamsini.

Tarehe 2 Juni 1973 alifunga ndoa na fundi mwashi, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu. Baba alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akafariki tarehe 20 Agosti 1982, na kabla machozi hayajakauka, shemeji zake Mama wakabadilisha kufuli la nyumba, tukahamia kwenye baraza ya posta ya zamani. Hilo hatulifichi, kwani mwenyewe hakulificha, alipenda kutania kwamba alikaa barazani miaka sita bila kupigiwa kura hata moja.

Kila mji ulipongoja wageni wakubwa, lori la halmashauri lilitupitia, likizoa mablanketi na masufuria yetu kana kwamba ni taka. Tarehe 11 Februari 1985 lilichukua gunia lake lenye nyundo, ngozi na sindano, naye akaenda peku hadi ofisini kwao, akadai hati ya kuonyesha kwamba mali yake imechukuliwa. Karani akamwambia, "Mama, huna anwani, nikuandikie wapi?" Akajibu, "Andika baraza ya posta, nguzo ya tatu. Mkija kutufukuza huwa hampotei."

Karani akaandika, akagonga muhuri. Gunia halikurudi, lakini kwa karatasi ile mwalimu mkuu, aliyekwisha kutukataa mara mbili kwa kukosa uthibitisho wa makazi, alituandikisha shule, mimi nikiwa na miaka kumi, mrefu kuliko darasa zima. Kisha marehemu akawapeleka ofisini wenzake waliolala barazani, mmoja mmoja, hadi watu thelathini na saba wakawa na anwani, na mwaka 1988 halmashauri, kwa kuchoka kumwona, ikakubali kutogusa mali ya mtu bila notisi ya maandishi. Novemba mwaka huohuo tulipanga chumba.

Kisukari kilimwanza mwaka 2016, kikafika kwenye figo, akafariki tarehe 5 Mei 2023, akiacha watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi viatu waliofunga kazi leo, na karani yule, sasa mstaafu, aliyekuja kwa mkongojo. Wenzake wa barazani wamekaa viti vya mbele pamoja na familia, kwa kuwa ni familia. Mwakilishi wa halmashauri, karibu sana, kiti chako kiko nyuma yao.

Mama, umetutembeza vichwa juu. Sasa pumzika kwa amani.