Mtoto Aliyetoka kwa Jina la Mwenzake

Wasikilizaji wapendwa, kahawa au chai, kaeni nayo karibu. Leo tunamkumbuka Kapitolina Mokhova, aliyefariki Jumanne hapa kwetu Karaganda, akiwa na miaka themanini na saba.

Kapitolina alifungwa kwa mzaha. Kwenye kantini ya kiwanda alisema mkate wa mwaka ule unataka msumeno. Basi. Miaka kumi katika kambi ya kazi ngumu, kwa kosa la siasa. Alipofika alikuwa mjamzito, na binti yake Nonna akazaliwa humo humo.

Sheria ya kambi mliisikia kwa wazee wenu. Mtoto akifika miaka miwili, anapelekwa kituo cha yatima, mbali, na mama haambiwi ni wapi. Mwaka 1949 Nonna alibakiza miezi miwili afike umri huo.

Ndipo msamaha ukatangazwa. Wajawazito watoke. Wenye watoto wadogo watoke. Kapitolina alishika ukuta kwa furaha, mpaka msomaji alipomalizia: wa kosa la siasa hawamo. Narudia, wasikilizaji: hawamo.

Rafiki yake Stepanida alikuwemo. Kosa lake yeye lilikuwa kuokota masuke ya ngano katika shamba la serikali. Lakini binti yake, Agnia, alikuwa amekufa siku nne kabla. Alikuwa rika moja na Nonna. Praskovya, mlezi wa watoto, hakuripoti. Ndivyo alivyozoea: mtoto akifa, alimwacha kwenye orodha siku chache ili maziwa yake wanywe waliobaki. Kwa hiyo kwenye karatasi Agnia alikuwa hai, na mama yake alitakiwa kutoka naye.

"Kapa, nipe Nonna," Stepanida alimwambia Kapitolina wakifua.

"Umerukwa na akili wewe."

"Nikienda mikono mitupu wananirudisha. Na wako wanamchukua. Sasa unangoja nini?"

"Atakusahau mimi nani..." Kapitolina alikosea maneno, akaanza upya. "Atanisahau."

"Atakusahau akiwa ameshiba."

Watoto wote walinyolewa upara kwa sababu ya chawa, na wote walivaa gauni la kitambaa kimoja. Praskovya alimhamishia Nonna kitanda cha Agnia, kisha akaandika kwamba aliyekufa ni Nonna.

Asubuhi ya kutoka, kundi la Kapitolina lilipitishwa langoni kwenda kuchimba. Nonna, akiwa mikononi mwa Stepanida, alimwona. Akanyoosha mikono. "Mama!"

Askari akageuka. "Anamwita nani huyu?"

"Kila mwenye koti la pamba ni mama kwao," Stepanida akamjibu. "Msogelee wewe, hata wewe atakuita mama."

Askari akacheka. Ilikuwa kweli, watoto wa kule walimwita mama kila mwanamke. Kapitolina hakugeuka. Alitembea na koleo begani, na mtoto akaita tena.

Alitoka miaka sita baadaye, kifungo kikiwa kimepunguzwa. Stepanida alikuwa amemngoja hapa hapa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Lakini kusema ukweli kungemrudisha Stepanida ndani. Kwa hiyo Kapitolina alipanga chumba cha jirani, akawa mama mdogo. Alimsuka mtoto nywele, akampikia supu ya kabichi, akamwita kwa jina la marehemu. Sijui mtu anaubebaje mzigo huo. Mimi ningeshindwa.

Akiwa na miaka arobaini, Agnia huyo wa karatasini aliambiwa ukweli na Stepanida aliyekuwa mahututi. Alinieleza: "Nilikimbia chumba cha jirani, nikamwita Kapitolina 'Mama!' Akaniziba mdomo. Akasema, 'Taratibu, majirani wanasikia.' Wakati huo hakuna aliyetufuata tena. Yeye lango lile halikumfungukia kamwe."

Kwa familia, poleni sana. Nanyi mnaosikiliza, kama kuna neno mmelifungia ndani kwa woga uliokwisha kupita, litafakarini leo.

Agnia hakutaka wimbo. Ameomba nisome tangazo hili, na nilisome kwa sauti kubwa, majirani wasikie: "Mama yangu, Kapitolina Mokhova, amefariki. Ni mimi, Nonna, mwanawe."