Cyril Ernest Garfitt na Bolti Zilizokazwa Magurudumu Yakining'inia

Tunayemsindikiza leo, Cyril Ernest Garfitt, alizaliwa jijini Coventry tarehe 9 Aprili 1941, mabomu yakianguka. Mkunga alimpokea chini ya meza ya jikoni, na ukuta wa jirani uliporomoka kabla kitovu hakijakatwa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Ernest Garfitt na Bibi Nora. Mdogo wake, Maurice, ambaye sote tunamwita Mo, alizaliwa mwaka 1944. Bibi Nora alikuwa akisema kwamba mwanawe mkubwa alikuja duniani akidhani kelele ndiyo salamu.

Alisoma shule ya mtaani kwao hadi mwaka 1956, alipofukuzwa wiki chache kabla ya kumaliza. Mwalimu alikuwa akimchapa Mo. Cyril aliingia darasani bila kubisha hodi, akainyakua fimbo, akaivunja kwa goti. Mwaka huohuo alianza kujifunza ufundi wa magari kiwandani. Huko alipata imani ambayo hakuiacha tena: gari halishiki barabara kwa kuwa gumu, hushika kwa sababu tairi halikubali kuachana na lami.

Mwaka 1962 yeye na Mo walifungua gereji mjini Kenilworth. Waliletewa magari ya michezo ya viti viwili, yaliyochoka na kuyumba kama walevi, nao wakayarudisha yakikata kona kama kisu. Cyril alibadilisha springi, shokomzoba na bushi, yaani pete za mpira zinazotenganisha vyuma kwenye viungo vya magurudumu, na mbele akafunga chuma kinene cha kuzuia gari lisilalie upande. Mo ndiye aliyeyajaribu barabarani, na Jumapili aliyapeleka kwenye mashindano ya kupanda kilima.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja isiyo na msamaha. Bolti inayopita kwenye bushi ya mpira haikazwi gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yakining'inia. Gari hushushwa chini, mifuko ya mchanga yenye uzito wa dereva huwekwa kitini, ndipo fundi hutambaa uvunguni na kukaza. Ukikaza hewani, gari likishuka mpira unajisokota. Mpira huo utasafiri umesokotwa hivyohivyo, na siku moja utachanika. Walioivunja sheria hiyo walifukuzwa kazi papo hapo, na mmoja wao alitoka akivuja damu puani.

Tarehe 5 Juni 1965 alimwoa Beryl Noakes. Alipokuwa bado anamchumbia, alimpakia kwenye gari lake la michezo aina ya MG, ambalo alikuwa amelifunga springi ngumu kuliko zote alizokuwa nazo. Walipovuka reli, Beryl aligonga paa hadi kofia ikamfunika macho. "Kama unanitaka," alimwambia, "lainisha hiki kitu. Na wewe mwenyewe ulainike." Wiki iliyofuata Cyril alirudi na gari lililolainika. Hilo la pili Beryl alilingoja hadi alipofariki mwaka 2009. Walijaliwa binti mmoja, Janice.

Jumamosi tarehe 11 Septemba 1971, ndugu hawa wawili walipigana gerejini. Kesho yake Mo alikuwa apande kilima cha Farrow kwa gari hilohilo la MG, naye alitaka springi ziwe fupi na ngumu zaidi.

"Gari lisipopumua litakurusha," Cyril alimwambia.

"Unaogopa, kaka. Unanitengenezea kiti cha bibi kizee."

Cyril alimpiga ngumi ya mdomo. Mo aliokota mpini wa jeki, akamvunja nao ubavu, akaondoka akitema damu. Cyril alibaki na gari lililokuwa juu ya stendi. Hasira ilikuwa imempanda, na kila akivuta pumzi ubavu ulimchoma. Alikamata spana akazikaza bolti zote palepale, magurudumu yakining'inia, mifuko ya mchanga ikiwa imelala ukutani. Kisha alilishusha gari na kwenda kulala.

Kesho yake, katika kona iitwayo ya Mchinjaji, bushi ya nyuma ilichanika. Gari liliruka likienda kiubavu, likaubamiza mwaloni, likabiringika na kutua chali. Mguu wa kushoto wa Mo ulisagika kati ya pedali. Cyril, aliyekuwa akitazama juu ya kona, alishuka mbio, akaung'oa mlango kwa mtaimbo huku mafuta yakimwagika mgongoni mwake. Kabla hajamfikia ndugu yake, aliuona mpira umening'inia kama ulimi.

Mo alimtazama kupitia damu. "Nimeikosea kona, siyo?"

"Ndiyo," Cyril alijibu. "Umeingia kwa kasi mno."

Mguu ulipona, ingawa haukukunjika tena vizuri. Mo hakupona. Tangu siku hiyo hakushika usukani. Alihamia kaunta ya vipuri, akapanda basi kwenda na kurudi, na vijana walipomwomba ushauri wa kona aliwaambia wamwulize anayejua kuendesha. Cyril alilinyoosha lile gari, akalifunika turubai, wala hakuliuza. Mwaka 1978, katika baa moja, mtu alimtania Mo kuwa ndiye aliyeupaka mwaloni rangi ya gari. Cyril alimvunja taya, akafungwa miezi mitatu. Watu walisema anampenda sana mdogo wake. Ilikuwa kweli, ila hawakujua yote.

Mwezi Novemba 2018 alipatikana na saratani ya mapafu, akalazwa. Mwezi Februari, Mo akiwa ameketi kando ya kitanda, Cyril alisema, "Mo, ile kona hukuikosea."

"Kona gani?"

"Unaijua. Nilikaza gari likiwa hewani. Bolti zote. Nilikuwa na hasira na wewe."

Mo aliuvuta mkongojo wake karibu. "Mpira ulichanika?"

"Ulichanika. Niliuona, wewe ungali ndani."

Mo aliinua mkongojo akampiga nao usoni. Nyusi ilipasuka, damu ikatapakaa kwenye shuka. "Mguu ningekusamehe!" alipiga kelele. "Mguu ni mguu! Lakini miaka yote hii napanda basi nikiamini sijui kuendesha gari!"

Muuguzi aliingia mbio. "Mzee, huyo ni mgonjwa!"

"Mwache, dada," Cyril alisema, damu ikimwingia jichoni. "Hajamaliza."

Mo alitoka, na kwa majuma mengi hakuonekana. Aliporudi mwezi Aprili, Cyril alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mo hakusalimia. "Gari liko wapi? Nalitaka."

Kazi ya kulifufua ilifanywa na Tamsin, binti wa Janice, ambaye ni fundi wa magari. Marehemu alikaa kwenye kiti na mtungi wake wa oksijeni, akitukana kila bushi iliyoingia upande. Ulipofika wakati wa kukaza, mifuko ya mchanga ililetwa. "Toeni takataka hizo," Mo alisema. "Nitakaa mwenyewe." Akaingia, akatulia kitini. Cyril aliomba alazwe sakafuni, uvunguni mwa gari. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa mjukuu, wakavuta spana pamoja hadi alipokohoa damu, na hata hapo hakuiachia.

Jumamosi tarehe 18 Mei 2019, Mo alipanda kilima cha Farrow. Kila alipokanyaga klachi alipiga yowe la maumivu, na yowe hilo lilisikika juu ya mngurumo wa injini. Katika kona ya Mchinjaji nyuma ya gari iliteleza, mawe yakawarukia watazamaji, kioo cha pembeni kikavunjikia kwenye mwaloni. Hakuachia mafuta. Alilirudisha gari kwenye mstari kwa mikono miwili, akapotea juu. Cyril alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando ya kona hiyo, na changarawe ilimkata shavu. Hakujifuta.

Mo aliposhuka, alisema, "Nyuma bado ngumu kidogo."

"Mgumu ni wewe, mzee," Cyril alimjibu.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Kenilworth, Jumanne tarehe 21 Mei 2019, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Ameacha mdogo wake Maurice, binti yake Janice, na mjukuu wake Tamsin.

Ni Bwana Maurice aliyetaka habari hizi zisomwe hapa bila kulainishwa. Alipoulizwa kama amekwisha kumsamehe kaka yake, alijibu, "Bado. Kwanza niliendeshe lile gari, nishibe."

Cyril, ulikuja na kelele. Sasa lala katika utulivu wa Mungu.